Kilo Yangu ya Chumvi

Jumanne, 24 Machi

Mvua imeanza. Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema tuandike kidogo kila siku, la sivyo herufi zitatukimbia, na sisi tumezipata uzeeni kwa jasho. Basi naandika. Nyumba inavuja pembe ileile ya mwaka jana. Mke wa mwanangu ametega sufuria. Nimemwambia sufuria ni ya kupikia. Akasema, "Basi mama, kaa wewe hapo." Ndiyo maana nampenda. Ana mdomo kama wangu.

Jumamosi, 28 Machi

Siku ya soko; letu ni Jumanne na Jumamosi. Afisa alikuja na kipaza sauti. Huyu ni binti wa ofisi ya kulinda walaji. Alipokuja mara ya kwanza nilidhani mlaji ni mtu mwenye tumbo kubwa, nikamuuliza mbona mimi sijashiba. Kumbe hata anayenunua betri ya redio ni mlaji. Ndiye aliyetufundisha kusoma tarehe kwenye makopo, na ndiye aliyetufundisha kupima mizani. Unabeba pakiti ya chumvi ya kilo moja, isiyofunguliwa, unaiweka kwenye mizani ya muuzaji. Mshale ukisimama kwenye kilo, mizani ni safi. Ukipita kilo, mizani inaongopa, na ile kilo ya maharage unayobeba nyumbani ni pungufu. Jambo dogo hivyo! Nimekula pungufu maisha yangu yote kwa kutojua jambo dogo hivyo.

Mimi nikaliongezea. Pakiti za dukani zinapasuka ukizibeba kila siku, kwa hiyo nikashona kifuko cha kitambaa kigumu, nikamimina chumvi humo, nikakishona mdomo kwa uzi mara mbili. Wanawake wa mtaani wakavitamani, nikawashonea. Sasa tunatembea navyo sokoni kama askari. Watu wananiita Bibi Kilo.

Leo Afisa amevipiga picha vifuko, halafu akasema kwenye kipaza sauti kwamba mwezi wa Mei ofisi yao itatoa tuzo kwa mtu aliyeelimisha wanunuzi wenzake, na mtu huyo ni mimi. Mimi! Ambaye mlango wa shule niliuona kwa nje tu, nikiwapelekea kaka zangu chakula. Nilijikaza kisabuni nisilie mbele za watu. Nimelia chooni.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Mgongo. Basi.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimemkamata mwizi. Hasira haijaniisha, niandike polepole.

Nilikwenda sokoni mvua ikinyesha, mwavuli umevunjika mbavu mbili, kifuko nimekipakata kifuani. Nilipofika mvua ikakatika, na soko likajaa watu. Nikaanza na muuza maharage wa karibu na mfereji, yule tunayemwita Mpole kwa sababu haiti wateja, anakaa tu na meza yake kama mtu anayesubiri basi. Siku zote namtilia shaka mtu asiyeongea. Huwa najiuliza anaficha nini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weka hiki."

Akakiweka. Mshale ukapita kilo, ukaenda kukaa pembeni huko. Nikakitoa, nikakirudisha mwenyewe. Ukapita tena.

Nilipiga kelele mpaka muuza viatu wa ng'ambo akapanda juu ya stuli aone. "Mwizi huyu! Njooni muone mwizi! Ametulisha hewa miaka yote!" Mpole akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Nikamwambia, "Usinijibu! Chumvi imeshajibu!" Watu walicheka, wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekuwa ameshapimiwa akayarudisha maharage yake kwenye fungu, kwa dharau, mengine yakamwagika chini kwenye matope.

Afisa alifika akaizungushia mizani utepe, akaichukua ikapimwe makao makuu. Majibu, alisema, yatachukua wiki nyingi. Mwenyekiti wa soko akamkumbusha Mpole sheria: meza isiyouza kitu kwa mwezi mzima inapewa mwingine. Kuna watu wanaisubiri ile meza kwa hamu.

Nimekula vizuri sana leo.

Jumanne, 7 Aprili

Vifuko vinafanya kazi! Wenzangu wamekamata muuza mchele, muuza unga, hadi mama wa karanga. Kumbe tunaishi na wezi. Ila wale wana midomo, waliwafukuza wenzangu kwa matusi, na Afisa hakuwepo. Nimeahidi kushona vifuko vingine.

Jumamosi, 11 Aprili

Meza ya Mpole imefunikwa gunia. Ajifunze.

Jumanne, 14 Aprili

Mke wa mwanangu ananishonea gauni la siku ya tuzo. Alinipima kiuno akasema, "Mama, wewe ndiye mlaji hasa." Nimemtupia kandambili. Mvua haijakatika tangu juzi, nguo hazikauki, kila kitu ndani kina ubaridi wa maji.

Jumamosi, 18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Shoga yangu anauza nyanya. Tumezaa watoto miaka ileile, tumezika waume pamoja. Mizani yake sijawahi kuipima hata siku moja. Nilijiambia ni kwa sababu namwamini. Leo alinishika mkono mbele ya wateja wake.

"Bibi Kilo! Kila mtu umempima. Mimi unaniogopa?"

"Nikuogope wewe na hizo nyanya zako zenye makunyanzi?"

"Makunyanzi kanipa nani, si wewe? Weka kifuko, watu waone."

Nikaweka huku nacheka. Mshale ukapita kilo.

Nikakitoa, nikapuliza sahani, nikafuta kwa mtandio wangu, nikarudisha. Ukapita. Nikasema, "Labda meza imeinama." Nikaingiza kijiti chini ya mguu wa meza. Ukapita. Nikasema, "Labda kifuko kimeshika uchafu."

Shoga akanivuta pembeni. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, wateja wasisikie, "Mwenzangu, mbona kwangu unatafuta sababu? Kwa yule kijana wa maharage ulitafuta ipi?"

Nilirudi nyumbani bila nyanya. Kifuko nikakitundika msumari wake, juu ya kigoda. Baadaye mke wa mwanangu akataka kukaa, akaruka. "Mama, hapa kuna maji, na paa halivuji hapa!" Nikapapasa kigoda. Nikaonja kidole.

Chumvi.

Kifuko kilikuwa kinadondosha maji. Kimelowa chote, kizito kama mtoto aliyelala.

Jumapili, 19 Aprili

Nimepika tangu nina umri wa kubeba mwiko. Kila masika naona chumvi inalia kwenye kopo, kila masika naiweka karibu na jiko, kila masika nawagombeza walio nyumbani waifunike. Hakuna kitu jikoni nikijuacho kuliko hicho. Lakini ikitoka jikoni, nikaivalisha kitambaa, nikaiita kilo, basi sikuijua tena. Nikafikiri ni kitu cha ofisi.

Afisa alisema pakiti isiyofunguliwa. Alisema wazi, tena mara mbili. Mimi kwa kimbelembele changu nikaifungua.

Jumanne, 21 Aprili

Sikwenda sokoni. Nimesema mgongo. Mgongo hauna kitu.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Afisa. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu pamoja na mtu mwenye pasi iliyoungua. Ukutani kuna picha yangu kubwa, nimeinua kifuko, meno yote nje.

Nikamweleza yote. Huyu binti ni mzuri, nisimseme vibaya. Ametembea masoko yote ya mji huu kwa mguu, wauzaji wamemtukana, mmoja alimmwagia maji ya samaki, na keshoye akarudi. Alinisikiliza mpaka mwisho akafunga mlango.

"Bibi, umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi tusubiri. Mizani yake ikiwa safi, itarudi yenyewe na majibu. Utakuwa hujamdhuru."

"Itarudi lini?"

"Labda mwezi wa sita."

"Meza yake inakwisha mwanzoni mwa Mei."

Akashika kichwa. "Bibi yangu, ukisimama ukasema vifuko ni vibovu, watasema kila tulichowafundisha ni kibovu. Wale wezi wa kweli watacheka. Na mimi ndiye niliyevipiga picha. Wakubwa wangu wameshaziona. Subiri tuzo ipite, halafu tutalitengeneza taratibu."

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe umenifundisha kusoma tarehe ya kitu kuharibika. Hii yangu imeshapita." Aliangalia dirishani.

Lakini niseme ukweli wangu. Nilipotoka pale nilisikia nafuu. Mtu mwenye elimu ameniambia nisubiri, basi dhambi si yangu peke yangu. Nilitembea na ile nafuu mpaka nyumbani, nikakuta gauni limekamilika, limetandazwa kitandani. Rangi ya zambarau. Nikalivaa. Likanikaa vizuri. Nafuu ikaisha palepale.

Jumamosi, 25 Aprili

Nilikwenda sokoni nikapita njia ya nyuma ili nisiione ile meza. Nikaiona. Kuna mtu alikuwa anaipima kwa kamba, urefu na upana.

Wanawake wawili walinisimamisha nikawashonee vifuko. Nimesema uzi umeniishia.

Jumanne, 28 Aprili

Leo nimekwenda nyumbani kwa Mpole. Naandika hivi sasa nikiwa na viatu vya matope, sijavivua.

Ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Mlangoni alikuwepo mkewe, anafua nguo za watu, rundo la mashuka lisilo lao. Mtoto mchanga mgongoni. Aliniona, akaendelea kufua.

"Hodi, mwanangu."

"Umekuja kupima na mtoto, Bibi Kilo? Huyu yuko pungufu kweli."

Nilisimama pale mvuani. Mpole akatoka ndani. Akamwambia mkewe, "Mpe bibi kiti." Mkewe akakitoa kiti akakiweka mvuani. Nikakaa hapohapo kilipo.

Nikasema. Sikuzunguka. Kifuko nilikifungua mwenyewe, kitambaa kinakunywa maji, chumvi inakunywa maji, mizani yako ilikuwa safi na mimi nikakuita mwizi. Nikasema nimejua tangu siku kumi zilizopita na nimekaa nalo kama kuku na yai.

Mpole akasema, "Nilijua siku ileile, bibi."

"Ulijua nini?"

"Kifuko kilidondosha maji kwenye sahani ya mizani. Niliyaona. Nikakwambia, bibi, kimelowa. Nilikwambia mara tatu."

"Hukusema kitu! Ulikuwa unafungua mdomo tu na kuufunga!"

"Nilikuwa nasema. Wewe ulikuwa unapiga kelele."

Mkewe aliacha kufua. Karakana ilikuwa inagonga gurudumu la mtu.

Nimekuwa nikiandika humu kwamba yule mtu haongei. Watu wote sokoni tunasema haongei, tumempa na jina. Kumbe anaongea kama watu, ila anaongea kwa kiasi cha mtu anayetegemea mwenzake atanyamaza kidogo.

Nikamwambia nitasema ukweli siku ya tuzo, ukumbini, mbele ya wageni na Afisa na wakubwa wote, na tuzo yenyewe nitaikataa. Nilitegemea atafurahi. Nilikuwa nimeshajiona na gauni langu la zambarau nikilia vizuri mbele za watu.

Akatikisa kichwa. "Ukumbini hakuna mtu anayenunua maharage kwangu. Bibi, ulinisemea sokoni. Nisemee sokoni. Palepale, na kwa sauti ileile."

Mkewe akaongeza, "Na asivae vizuri."

Ijumaa, 1 Mei

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya soko kabla meza haijachukuliwa. Nimemwambia mke wa mwanangu yote. Nilidhani atanicheka. Alikaa kitandani karibu na gauni, akasema, "Mama, kuna mtu uliwahi kumwomba samahani?" Nikafikiri sana. Nikasema nilimwomba mbuzi mmoja, nilimkanyaga. Alicheka mpaka akalia, na mimi nikacheka, halafu mimi nikabaki kulia peke yangu na yeye akanishika mabega.

Nimekwenda kwa shoga kuazima mizani, maana ya Mpole iko makao makuu na meza bila mizani haiuzi. Nilimwambia, "Kesho ni siku yako kubwa ya wateja, najua." Akasema, "Chukua. Nyanya nitaziuza kwa mafungu kama mama yangu alivyouza. Ila ukiivunja nakuvunja."

Nimenunua pakiti mpya ya chumvi dukani. Sijaifungua. Nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko.

Jumamosi, 2 Mei

Sauti imekauka. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Mvua ilikuwa ya kumwaga, mabati ya soko yalilia kama kokoto zinamiminwa. Nilivaa gauni langu la kulimia. Mpole alikuwa ameshatoa gunia kwenye meza na kupanga maharage kwa rangi, mekundu, ya njano, meupe, bila kunitazama. Nikaweka mizani ya shoga. Nikapanda juu ya kreti.

Nilipoanza hakuna aliyesikia. Mabati yalinishinda. Nikavuta pumzi nikapiga ile sauti ya siku ile, ile ya mwizi, na watu wakageuka haraka, maana kwa sauti ile walidhani nimemkamata mwingine.

"Mimi ndiye niliyekosa! Huyu si mwizi! Kifuko changu kilikuwa na maji!"

Nikaweka kifuko kilicholowa. Mshale ukapita kilo. Nikaweka pakiti ya dukani. Mshale ukasimama kwenye kilo, sawasawa. "Mnaona? Mizani ileile! Anayeongopa ni chumvi yangu! Tupeni vifuko nilivyowashonea, bebeni pakiti kama tulivyofundishwa, kavu, isiyofunguliwa!"

Siku ile ya kwanza walinisadiki kabla sijamaliza neno. Leo walikunja mikono.

"Amekuhonga maharage ya miezi mingapi, Bibi Kilo?" Huyo ni muuza viatu. Watu wakaangua kicheko.

"Mizani yenyewe ya shoga yake!" mwingine akadakia. "Wameipanga!"

"Juzi mwizi, leo malaika. Bibi, chagua moja tukafanye shughuli zetu!"

Nikarudia. Wakaondoka, wakaja wengine, nikarudia kwa hao. Kuna mama alinitupia kifuko miguuni, akasema amegombana na muuza unga kwa ajili yangu mpaka wakataka kupigana, na huyo muuza unga ni shemeji yake, na sasa nyumbani hawasalimiani. Nikasema samahani. Akasema, "Kamwambie yeye." Nikashuka kwenye kreti, nikaenda kwa muuza unga, nikamwambia. Kisha mchele. Kisha karanga. Mama wa karanga alinitukana tusi ambalo sijalisikia tangu nikiwa msichana, na lilinistahili. Kisha nikarudi kwenye kreti.

Afisa alikuja katikati. Alisimama chini ya mwavuli karibu na nguzo, kipaza sauti mkononi, kimezimwa. Nikajua tuzo imekwisha, nikaona uso wake na nikamwonea huruma, maana kazi yake ni ya kweli na mimi ndiye niliyeipaka matope. Alikaa pale muda mrefu. Sauti yangu ilipokatika kabisa, ikawa mlio wa mlango, akaja akaniwekea kipaza sauti mdomoni. Akakiwasha.

Soko zima likasikia mzee anasema kwa kukwaruza kwamba amekosea.

Mchana ulipokwisha, mwenyekiti wa soko akapita kukagua meza. Hakuna kilichokuwa kimeuzwa. Yule mtu wa kamba alikuwa nyuma yake. Hapo akaja mama mmoja nisiyemjua, ana haraka, analalamikia mvua, huenda hakusikia hata neno moja la mambo yetu. Akasema, "Nipimie mekundu kilo moja." Mpole akampimia. Mwenyekiti akaona, akasema, "Meza imeuza," akaendelea na njia yake. Mtu wa kamba akakunja kamba.

Nilishuka kwenye kreti, nikafuta mizani ya shoga kwa mtandio. Nilikuwa nasubiri, sitadanganya. Nilikuwa nasubiri Mpole aniambie kitu. Kwamba yamekwisha. Kwamba bibi nenda kapumzike. Nimemnyonyesha mwanangu kwenye njaa, nimewazika watu, nimelea watoto wasio wangu, na leo nilisimama pale kama mtoto anayesubiri kuambiwa amefanya vizuri.

Alimaliza kufunika maharage. Akalifunga gunia kwa kamba, akajaribu fundo.

"Asante, bibi," akasema. "Ila leo mvua. Watu walikuwa nusu."

Nikainama karibu nimsikie, maana mabati bado yalikuwa yanapiga. Nilinyamaza mpaka akamaliza.

"Siku ile soko lilijaa," akasema. "Njoo na Jumanne."